Upotevu wa vifaa vya ujenzi upimwe stoo kabla ya kuhesabiwa dampo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie taka za ujenzi, na hasa namna zinavyopimwa, kwa sababu naamini kipimo tunachokitumia ndicho kinachotufanya tushindwe kuzidhibiti. Kila suala hili linapojitokeza kwenye kurasa za barua au kwenye vikao vya wakubwa, mazungumzo huanza na kuishia kwenye lori: lori limemwaga kifusi usiku kandokando ya barabara, lori limeziba mfereji, malori mangapi yameingia dampo mwezi huu. Sibishi kwamba hayo ni mambo ya kukera. Lakini mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi yangu ya kila siku ni kuhesabu mifuko, mita na tani, na kwa miaka niliyokaa kwenye maeneo ya ujenzi nimeona kwamba wakati lori linapakiwa, shauri lenyewe limekwisha zamani. Upotevu umeshatokea, fedha zimeshazikwa, na sehemu kubwa ya upotevu huo haitapanda lori kamwe.

Nianze na hiyo isiyopanda lori. Niliwahi kupima kazi katika jengo moja lililosifiwa na kila mgeni kwa usafi wake. Hapakuwa na rundo la kifusi, njia zilifagiwa, na ripoti ya kila mwezi ilionyesha safari chache mno za kwenda dampo. Siku moja fundi umeme alipotindua ukuta ili apitishe bomba la nyaya, nilichomeka rula kwenye ule mfereji. Michoro ilitaka plasta ya milimita 15. Chini ya dirisha rula ilisoma milimita 22, na karibu na kona ikasoma 38, kwa sababu mwashi aliyejenga ukuta hakushusha vizuri timazi, ile kamba yenye uzito inayopima wima wa ukuta, na mpiga plasta alilazimika kuusawazisha kwa kuunenepesha. Nilizunguka vyumba vyote vilivyokuwa vimetinduliwa, nikaandika vipimo kwenye kipande cha boksi la vigae, na wastani ukawa kama milimita 25. Unene wa ziada wa milimita 10 ni jambo dogo likitajwa hivyo, lakini kwenye mita za mraba 100 za ukuta ni mita moja nzima ya ujazo ya mchanganyiko, na mita hiyo, kwa kipimo cha saruji moja kwa mchanga nne, hula mifuko saba hadi minane ya saruji ya kilo 50. Jengo lile lilikuwa na maelfu ya mita za mraba za plasta. Hakuna hata koleo moja la upotevu huo lililoonekana nje. Umo ukutani hadi leo, umepakwa rangi nyeupe, ukiongeza mzigo ambao mhandisi hakuuweka kwenye hesabu zake.

Jambo hili si jipya kwa wataalamu. Katika miaka ya 1970 mtafiti E. R. Skoyles, wa kituo cha utafiti wa majengo cha Uingereza, aliutenga upotevu wa vifaa katika mafungu mawili. La kwanza ni upotevu wa moja kwa moja, yaani kifaa kilichovunjika, kilichomwagika, kilichoganda au kuibiwa. La pili ni upotevu uliojificha, yaani kifaa kilichotumika kweli, ila pasipohitajika, au kwa kiasi kilichozidi, au mahali ambapo kifaa cha bei nafuu kingetosha. Fungu la kwanza linaonekana kwa macho na kila mtu ana maoni kuhusu hilo. La pili halionekani mpaka mtu alitafute kwa daftari, na ndiyo sababu linaendelea kutula.

Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa hakika hesabu inayohitajika hapa haimshindi mtunza stoo yeyote anayejua kujumlisha na kutoa. Chukua vifaa vilivyokuwamo stoo mwanzo wa mwezi, ongeza vilivyopokelewa, toa vilivyobaki mwisho wa mwezi. Kinachopatikana ni vilivyotumika. Kisha nenda ukapime kazi iliyosimama, mita ngapi za ukuta, mita ngapi za ujazo za zege, mita ngapi za mraba za sakafu, uone kwa mujibu wa michoro zilistahili kutumia kiasi gani. Tofauti kati ya kilichotumika na kilichostahili kutumika ndiyo upotevu. Tuseme stoo ilianza mwezi ikiwa tupu, ikapokea mifuko 600 ya saruji, na siku ya mwisho imebaki mifuko 90. Iliyotumika ni 510. Kazi iliyosimama, ikipimwa, ilihitaji 440. Mifuko 70 haina maelezo, na hiyo ni karibu asilimia 16 ya iliyostahili kutumika, wakati kwenye bei ya mkandarasi upotevu ulikadiriwa kuwa asilimia 5.

Hapo ndipo kazi ya kweli inapoanza. Baadhi ya hiyo mifuko 70 utaikuta chini ya mlundo, imeganda kwa unyevu wa sakafu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuipandisha juu ya mbao, au kwa sababu mifuko mipya ilipangwa juu ya ya zamani na ile ya zamani haikuguswa hadi ikapitwa na wakati. Saruji iliyokaa miezi mitatu hivi, hata mahali pakavu, huwa imekwisha kupungua nguvu. Mingine imelala ukutani kama ile niliyoieleza. Mingine ilichanganywa jioni juu ya udongo mtupu, ikabaki nusu, na asubuhi ikawa jiwe. Na mingine, tusifichane, imetoka getini bila karatasi. Nafahamu kwamba wizi si taka kwa maana ya kawaida. Hata hivyo daftari la mizania halibagui, nalo huonyesha pengo lolote lile, na kwa uzoefu wangu hii ndiyo sababu isiyotamkwa inayowafanya baadhi ya wasimamizi wapendelee kuhesabu safari za lori kuliko kuhesabu mifuko.

Hiyo asilimia 5 nayo inastahili kusemwa kidogo. Kila mkadiriaji huongeza kitu juu ya kiasi halisi ili kufidia upotevu usioepukika, na hakuna ubaya katika hilo, kwa kuwa hakuna tofali lisilovunjika wala nondo isiyokatwa. Ubaya ni kwamba asilimia hizo zimerithiwa. Mkadiriaji mmoja aliiandika, mwingine akainakili, na leo kijana anayetoka chuoni anaiweka kwenye jedwali la gharama bila kujua ilipimwa wapi, lini na kwa mafundi wa aina gani. Zaidi ya hapo, mara inapoingia kwenye bei, kiwango hicho hugeuka kuwa ruhusa: msimamizi akiulizwa kuhusu vigae vilivyovunjika hujibu kwamba upotevu umo ndani ya bei, na mazungumzo hufungwa hapo.

Sasa nirudi kwenye lori, nisije nikaonekana nalidharau. Lori ni kipimo cha ujazo, nasi tunalitumia kana kwamba ni kipimo cha uzito. Mita moja ya ujazo ya zege imara ina uzito wa tani 2.4 hivi, lakini zege hilo likivunjwa na kurundikwa, hewa hujaa kati ya mabonge na mita ileile ya rundo huwa na uzito wa kama tani moja na nusu. Udongo uliochimbwa nao huvimba, aghalabu kwa robo ya ujazo wake au zaidi, hivyo shimo la mita 100 za ujazo hutoa rundo la mita 125. Lori lililojaa maboksi matupu na maganda ya plastiki ni safari moja, na lori lililojaa zege nalo ni safari moja. Ripoti inayosema safari 14 haimwambii mtu lolote kuhusu nini kilipotea, kutoka wapi, na kwa nini. Tena nimekwisha kuviona vitabu vya safari vilivyosainiwa wiki nzima mbele, tarehe zikiwa zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na dereva akisubiri tu kuambiwa siku ya kuondoka.

Ugumu wa kupima hauwahusu wanyonge peke yao. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, EPA, lilikadiria kwamba mwaka 2018 nchi hiyo ilizalisha tani milioni 600 za taka za ujenzi na ubomoaji, zaidi ya mara mbili ya taka za kawaida za mijini, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya tani hizo zilitokana na kubomoa, si kujenga. Hayo ni makadirio, na kwa sehemu kubwa hupatikana kwa kufuatilia vifaa vilivyoingia katika majengo na barabara na muda ambao vinatarajiwa kudumu. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la mwaka 2008, uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2020 angalau asilimia 70, kwa uzito, ya taka za ujenzi na ubomoaji zisizo hatari zitumike tena, zirejelezwe au ziokolewe kwa njia nyingine. Ukisoma masharti utaona kwamba udongo wa asili uliochimbwa hauhesabiwi, na kwamba kifusi kinachotumika kujazia mashimo badala ya kifaa kingine kinahesabiwa kuwa kimeokolewa. Kwa hiyo nchi inayosaga zege lake vizuri na kulirudisha kwenye matumizi ya thamani, na nchi inayolitupia kwenye machimbo yaliyoachwa, zinaweza kuandika asilimia ileile. Sisemi kujazia mashimo ni dhambi. Nasema tu kwamba tarakimu hutegemea mlango uliosimama unapohesabu.

Nikisisitiza stoo, nisieleweke kwamba lawama zote ni za mafundi na watunza stoo. Upotevu mwingi huzaliwa mezani kwa mchoraji, kabla hata kiwanja hakijasafishwa. Chukua chumba cha mita 3.4 kwa 3.4 kinachowekwa vigae vya sentimita 60. Kila mstari unakula vigae vitano vizima na kipande cha sentimita 40. Kinachobaki kwenye kile cha sita ni sentimita 20, ambazo hazifai kwa mstari mwingine kwa kuwa nao unataka 40. Chumba kizima kinameza vigae 36, yaani mita za mraba 12.96, ili kufunika mita 11.56, na asilimia 12 imekwenda kwenye rundo hata kama fundi ni hodari na havunji kigae hata kimoja. Lau mchoraji angekipa chumba hicho mita 3.6 kila upande, vigae vilevile 36 vingekifunika chote, tukiacha unene wa viungio, na mwenye nyumba angepata nafasi zaidi kwa vigae vilevile. Sidai kwamba kila chumba kichorwe kwa kufuata kigae. Ila sijawahi kukaa kwenye kikao cha michoro ambapo swali hilo liliulizwa, na nimekaa kwenye vikao vingi.

Nondo ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu hapo mchoraji, msimamizi na fundi wote wana mkono. Nondo huja na urefu wa mita 12. Tuseme boriti za jengo zinahitaji vipande 40 vya mita 3.5 na vipande 20 vya mita 5. Fundi akipewa orodha ya kwanza peke yake atakata vipande vitatu kwa kila nondo na kubakiza mita 1.5, na atahitaji nondo 14. Wiki inayofuata akipewa orodha ya pili atakata viwili viwili, kila nondo ikibakiza mita 2, na atahitaji nondo 10. Jumla ni nondo 24. Lakini 5 jumlisha 3.5 jumlisha 3.5 ni 12 kamili. Angepewa orodha zote mbili siku moja, nondo 20 zingetosha bila kubakiza kipande. Nondo nne za ziada ni mita 48, na kwa unene wa milimita 16 ni kilo 76 za chuma, zilizopotea kwa sababu ya karatasi mbili kutolewa siku mbili tofauti. Vipande hivyo kwa kawaida haviendi dampo, kwani chuma chakavu kina wanunuzi, na hivyo havionekani kwenye hesabu ya lori hata kidogo. Jengo linaweza kujisifu kwamba chuma chake chote kimerejelezwa, ilhali kilicholipiwa kwa bei ya nondo mpya kimeuzwa kwa bei ya chakavu.

Kisha kuna namna tunavyowalipa watu. Ujenzi mwingi mdogo hufanyika kwa mkataba wa ufundi tu: mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi analipwa kwa mita ya ukuta au ya sakafu. Katika mpango huo fundi anayekwenda haraka na kuvunja matofali hupata zaidi ya fundi anayekwenda taratibu na kuyatunza, kwa maana tofali lililovunjika halimgharimu kitu. Tunamlaumu kwa uzembe, na huku sisi wenyewe tumemwekea bei inayomtaka awe mzembe. Nimewahi kushauri, na mara mbili nikakubaliwa, kwamba saruji au vigae vinavyookolewa chini ya kiwango kilichokubaliwa vigawanywe nusu kwa nusu kati ya mwenye kazi na genge la mafundi. Sitatoa takwimu za majengo mawili nikazifanya kuwa sheria ya dunia. Ninachoweza kueleza ni nilichokiona: mafundi wenyewe walianza kutandika turubai chini ya ukuta wanaoupiga plasta ili mchanganyiko unaodondoka uokotwe ungali mbichi, na mwashi wa zamu ya asubuhi alianza kuulizwa na mpiga plasta kuhusu timazi yake, mbele ya watu, kwa sauti ambayo mimi na cheo changu nisingethubutu kuitumia.

Kuhusu kutenganisha taka sitachukua nafasi kubwa, kwa sababu mengi yamekwisha kuandikwa. Nitaje jambo moja tu ambalo halitajwi vya kutosha, nalo ni mbao za jipsam, zile zinazotumika kwenye dari. Zikizikwa pamoja na taka zinazooza, mahali penye unyevu pasipopita hewa, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza na yenye sumu. Na chembe zake zikichanganyika na kifusi cha zege kilichokusudiwa kusagwa kuwa kokoto, salfeti iliyomo huweza kulivimbisha na kulipasua zege jipya. Mtu anayetupa vipande vichache vya dari kwenye rundo la zege anaweza kulifanya rundo zima lisifae, na kumtafuta baada ya hapo ni kazi bure. Kutenganisha hufanyika mahali taka inapozaliwa, siku inapozaliwa.

Ubomoaji unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiko wingi wa taka uliko. Nyumba za zamani za matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa chokaa zilibomolewa na matofali yake yakajenga nyumba nyingine, kwa sababu chokaa ni laini na hukubali kubanduka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanawake wa Berlin na miji mingine ya Ujerumani waliyasafisha matofali ya magofu kwa nyundo, moja baada ya jingine, na mengi yalirudi ukutani. Sehemu ya kifusi ambacho hakikufaa ilirundikwa pembezoni mwa Berlin hadi ikawa kilima, Teufelsberg, ambacho leo watu hukipanda kwa matembezi. Sisi tumehamia kwenye saruji kali, ambayo hushika tofali kuliko tofali linavyojishika lenyewe, na ukuta ukigongwa tofali ndilo linalopasuka. Zege likisagwa linatoa kokoto, lakini kokoto hizo hubeba mabaki ya saruji ya zamani yanayofyonza maji zaidi, na ndiyo maana matumizi yake makubwa ni kwenye tabaka za chini za barabara, na kwenye zege la nguzo huchanganywa kwa kiasi. Japani ilitunga sheria mwaka 2000 inayotaka majengo yanayobomolewa, kuanzia mita za mraba 80 za sakafu, yafumuliwe kwa kutenganisha vifaa, na zege, lami na mbao virejelezwe. Kinachonivutia katika sheria hiyo ni kwamba wajibu unaanza kabla nyundo ya kwanza haijagonga: mwenye jengo lazima ajue kuna nini ndani, na atoe taarifa. Hapo pia ndipo mabati na mabomba ya asbesto hugunduliwa kabla ya kuvunjwa na kuwa vumbi kwenye mapafu ya vibarua.

Nafahamu kwamba sheria peke yake haiwezi kuimaliza kazi, na mfano ulio wazi unatoka Uingereza. Mwaka 2008 kanuni zilizohusu England ziliutaka kila mradi wa zaidi ya pauni 300,000 uandae mpango wa kusimamia taka zake, ukieleza aina na kiasi kinachotarajiwa. Desemba 2013 kanuni hizo zilifutwa, serikali ikitaka kuwapunguzia wafanyabiashara mzigo wa masharti. Wapo waliosikitika, na wapo wakandarasi walioendelea na mipango hiyo kwa hiari yao kwa sababu walikwisha kuona faida yake. Kwa mtazamo wangu, hilo la pili ndilo la kuzingatia. Rekodi iliyoandikwa kwa ajili ya mkaguzi hukoma siku mkaguzi anapoacha kuja. Iliyoandikwa kwa sababu inamwonyesha mwandishi wake fedha zinakovujia hubaki. Hong Kong ilichukua njia nyingine mwaka 2006, ikaanza kutoza taka za ujenzi kwa tani, ada ikiwa kubwa zaidi kwa taka zinazokwenda kuzikwa na ndogo kwa zege, mawe na udongo safi unaoweza kujazia. Kila lori likapimwa kwenye mizani. Ni njia nzuri palipo na mizani, palipo na ulinzi wa kutosha dhidi ya wanaomwaga usiku, na palipo na mahali pa kupeleka kilichotenganishwa. Pasipo na hayo, ada kubwa ya dampo huwafukuza wenye malori kuelekea mabondeni.

Ninachopendekeza, Ndugu Mhariri, ni kidogo kuliko hayo yote. Anayeomba kibali cha ujenzi aambatanishe makadirio ya upotevu kwa vifaa vitano tu: saruji, nondo, matofali, mbao za kumwagia zege na vigae, kila kimoja kwa kipimo chake na kisha kwa uzito. Ujenzi unapoendelea, mizania ya vifaa hivyo ifungwe kila mwezi na isainiwe na mtunza stoo pamoja na aliyepima kazi, kwa sababu saini mbili za watu wenye maslahi tofauti ni ngumu kughushi kuliko moja. Jengo likikamilika, makadirio na matokeo yawekwe kwenye karatasi moja kabla ya cheti cha mwisho kutolewa. Sipendekezi faini kwa aliyezidisha, walau kwa miaka ya mwanzo, kwani faini itazaa tarakimu nzuri na taka zilezile. Matokeo yakikusanywa kwa miaka michache, bodi zetu za taaluma zitakuwa na viwango vya upotevu vilivyopimwa kwa mafundi wetu na vifaa vyetu, na yule kijana wa chuo hatalazimika kunakili asilimia 5 ya mtu asiyemjua.

Najua nitajibiwa kwamba mjenzi mdogo hawezi mambo haya. Nimeyajaribu kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Kilichohitajika ni daftari la shule, rula, futi, na karai moja ambalo tulilipima uzito mara moja likiwa limejaa kifusi cha matofali, mara moja likiwa na mchanganyiko ulioganda, kisha tukahesabu makarai. Kila jioni ilichukua robo saa, na mwenye nyumba mwenyewe, ambaye si mtu wa vipimo, ndiye aliyekuwa akiandika. Ukurasa wake ulikuwa na safu tano: kifaa, kilichotoka stoo, kazi iliyofanyika, kilichostahili kutumika, na sababu ya tofauti. Nne za kwanza alizijaza bila shida tangu siku ya kwanza. Ile ya tano ilibaki wazi kwa wiki mbili, kisha siku moja akaandika neno moja, timazi, na kesho yake ukuta wa chumba cha nyuma ukabomolewa kozi tatu ungali mbichi, na matofali yake yote yakarudi kazini.

Wako katika ujenzi,
Mkadiriaji majenzi